Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya tahadhari za radi na volkano: tuambieni saa mliyojua na saa mliyosema

Kwa wakuu wa mamlaka za hali ya hewa, wakurugenzi wa vituo vinavyochunguza volkano, na wenyeviti wa kamati za maafa popote mlipo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu muda unaopotea mezani. Mitambo lazima ipewe muda wa kupima na wataalamu muda wa kutafakari, hilo sina ugomvi nalo. Ninaousema ni ule unaopita baada ya mtaalamu kuiona hatari kwenye skrini yake na kabla mama aliye nyumbani na watoto hajaambiwa lolote. Hapo katikati karatasi inatoka ofisi hii kwenda ile, mkubwa anatafutwa kwenye simu, sentensi inalainishwa isije ikatia watu hofu, kikao kinaitishwa. Mvua ya radi haisubiri kikao. Volkano inaweza kusubiri wiki, hata miezi, lakini siku yake ikifika nayo haisubiri.

Mimi si mtaalamu wa anga wala wa miamba. Ni mmoja wa watu wanaopokea matangazo yenu na kuyapeleka kwa wengine: kwenye makundi ya simu, shuleni, kwenye nyumba za ibada. Tangazo likichelewa, sisi ndio tunaoulizwa. Likija halieleweki, sisi ndio tunaobaki kukisia mlikuwa na maana gani.

Novemba 13, 1985, volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia ililipuka saa 3:08 usiku. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo ukiulinganisha na mingine. Lakini mlima ule una barafu kileleni. Majivu ya moto yaliyeyusha sehemu ya barafu hiyo, maji yakateremka mabondeni yakizoa udongo, mawe na magogo, hadi yakawa tope zito kama zege linalokimbia. Mji wa Armero ulikuwa zaidi ya kilomita 70 kutoka kasokoni, yaani mdomo wa volkano. Tope liliufikia yapata saa 5:30 usiku. Hesabuni wenyewe: zaidi ya saa mbili, na palikuwa na miinuko ambayo mtu angeifikia kwa miguu. Ramani iliyoonyesha kwamba tope la volkano lingeweza kupita hapo ilikuwa imeshachorwa na kutolewa mwezi mmoja kabla. Majivu yalikuwa yameanza kuwaangukia tangu alasiri. Walikufa watu zaidi ya 23,000, wengi wao wakazi wa Armero.

Kila nikisoma habari za usiku ule nakwama pale pale. Ujuzi ulikuwepo, ramani ilikuwepo, na muda ulikuwepo. Hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema "ondokeni sasa, pandeni juu" bila kwanza kuomba ruhusa.

Mtasema hayo ni ya miaka 40 iliyopita, enzi ambazo watu hawakuwa na simu mfukoni. Basi tuangalie jimbo la Valencia, Hispania, Oktoba 29, 2024. Mvua za radi zilikwama juu ya eneo moja la milimani. Kituo cha Turís kilipima zaidi ya milimita 180 ndani ya saa moja. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilikuwa imepandisha tahadhari nyekundu saa 1:36 asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wakazi ulitoka saa 2:11 usiku, zaidi ya saa 12 baadaye. Wakati huo wengine walikuwa tayari ndani ya maji, kwenye magari, kwenye vyumba vya chini, kwenye gereji za chini ya ardhi walikokwenda kuokoa magari yao. Na ujumbe ulipofika uliwataka watu waepuke kusafiri ndani ya jimbo. Aliyekuwa ghorofa ya chini hakuambiwa apande ya juu. Katika jimbo lile peke yake walikufa watu zaidi ya 220.

Misiba hii miwili ina jambo la pamoja ambalo nawasihi mlifikirie. Armero ilikuwa mbali na kasoko. Paiporta, mji ulioumia vibaya kuliko yote Valencia, haukupata mvua nyingi siku ile. Maji yaliujia kwa mkondo kutoka juu. Mkazi wa sehemu kama hizo anaweza kutazama angani asione chochote cha kumkimbiza. Hana macho mengine isipokuwa yenu. Kumwambia mtu wa namna hiyo awe makini na mazingira yake ni kumtupia kazi asiyoweza kuifanya.

Najua kwa nini mnasita. Mnaogopa kutangaza hatari kisha isitokee, na woga huo si wa kubezwa. Mwaka 1976, kisiwani Guadeloupe katika bahari ya Karibiani, watu zaidi ya 70,000 walihamishwa kwa miezi kadhaa kwa hofu ya mlipuko mkubwa wa volkano ambao haukuja. Maisha yalivurugika, na wanasayansi wakagombana hadharani juu ya nani alikuwa sahihi. Kiongozi aliyepitia jambo kama hilo, mara ya pili atajiuliza mara kumi kabla ya kutia saini. Hata hivyo, anayesita peke yake usiku wa manane, simu zikilia na mvua ikinyesha, si mtu wa kuachiwa uamuzi huo. Uamuzi ufanywe mchana, hali ikiwa shwari, uandikwe: kipimo kikifika hapa, tangazo linatoka. Mwenye zamu abonyeze kitufe, kisha ndipo ampigie mkubwa wake kumjulisha.

Hilo linawezekana, na kwa radi na upepo limeshafanyika. Nchini Marekani, onyo la mvua kali ya radi hutolewa upepo unapotarajiwa kufikia takriban kilomita 93 kwa saa, au mvua ya mawe yenye kipenyo cha sentimita 2.5. Mtabiri aliye zamu ndiye anayelitoa, akichora mipaka ya eneo lenyewe kwenye ramani. Tangu Agosti 2021 waliongeza ngazi: upepo ukikadiriwa kufika kama kilomita 130 kwa saa, au mawe ya mvua kufika takriban sentimita 7, simu zote zilizo ndani ya mipaka ile zinalia. Chini ya hapo onyo linatangazwa kwa njia nyingine bila kila simu kupiga kelele. Mpango huo naupenda kwa sababu mbili. Mwenye zamu hana wa kumsubiri, na wananchi hawachoshwi na ving'ora vya kila wingu jeusi. Watu wanaoamshwa kila usiku bila sababu huzima simu, na hakuna haki ya kuwalaumu.

Ujumbe wa namna hiyo, kwa wale miongoni mwenu ambao bado mnategemea meseji za kawaida, hauhitaji orodha ya namba. Mnara unaurusha kwa kila simu iliyo ndani ya eneo lake, hata ya mgeni aliyefika jana, na haukwami mtandao unapoelemewa na watu wanaopigiana. Teknolojia hii si mpya. Kama haipo kwenu, ulizeni kwa nini, na jibu mlitoe hadharani.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe. Tangazo tunalolipokea mara nyingi husomeka hivi: "Vipindi vya mvua kubwa vinavyoambatana na radi na upepo mkali vinatarajiwa katika baadhi ya maeneo. Wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari." Nimelisambaza tangazo la aina hii mara nyingi mno, na swali linalorudi kwangu huwa lile lile: tufanye nini? Fundi aliye juu ya paa anataka kujua ateremke saa ngapi. Mvuvi anataka kujua kama arudi au asitoke kabisa. Mwalimu ana watoto uwanjani na wingu linaonekana mbali, jua bado linawaka. Awaingize ndani sasa au amalize kipindi? "Baadhi ya maeneo" haimjibu hata mmoja wao. Sentensi ile inamkinga aliyeiandika, maana lolote likitokea atasema alionya.

Lingeweza kusomeka hivi: "Mvua ya radi inaelekea mashariki na itawafikia kati ya saa 9:30 na saa 10:15 alasiri. Upepo unaweza kung'oa mabati. Walioko majini warudi nchi kavu sasa hivi. Walioko mashambani na viwanjani waingie kwenye jengo imara au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, wafunge vioo. Msijikinge chini ya mti wala kwenye kibanda kilicho wazi. Kaeni ndani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho." Nusu dakika inatosha kulisoma redioni. Lina wapi, lini, nini kifanyike na hadi lini. Na lina ujasiri wa kutaja saa, ingawa mvua inaweza kuchelewa.

Zile dakika 30 zina maana. Radi inaweza kupiga umbali wa kilomita 15 na zaidi kutoka pale mvua inaponyesha, ndiyo maana watu hupigwa wakidhani mvua haijafika au imeshapita. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona mwako na kuhesabu sekunde tisa hadi ngurumo, radi imepiga kilomita tatu kutoka ulipo. Lakini hata hesabu hiyo si ya kumpa mtu moyo wa kubaki nje. Anayesikia ngurumo tayari yuko ndani ya eneo linaloweza kufikiwa. Hili watoto wanaweza kufundishwa kwa dakika tano, nalo ni bora kuliko mabango mengi niliyowahi kuyaona.

Hapa kuna jambo zito zaidi ambalo tahadhari peke yake haiwezi kulitatua. Tunaposema "ingieni ndani", tunawaingiza wapi? Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao. Walikuwa shuleni, chini ya paa. Machi 2018, kusini mwa Rwanda, waumini 16 waliuawa na radi wakiwa kanisani. Walikuwa ndani pia. Jengo lisilo na nyaya za kuipeleka radi ardhini, wala nondo au mabomba yanayoweza kuipitisha pembeni mwa watu, halimlindi mtu kama anavyodhani. Umeme ukishaingia utatafuta njia ya kufika chini, na njia hiyo inaweza kuwa mwili wa mtoto aliyeegemea ukuta au aliyekanyaga sakafu yenye maji. Kwa hiyo ninyi wa kamati za maafa, bajeti yenu ya tahadhari iwe na fungu la vifaa vya kuzuia radi kwenye shule, zahanati na nyumba za ibada, tena vilivyofungwa na fundi anayejua kazi na kukaguliwa kila mwaka. Chuma kilichosimikwa juu ya paa bila waya mzima unaofika ardhini ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Kwa upande wa volkano, tatizo la maneno linakuja kwa sura ya viwango. Septemba 27, 2014, muda mfupi kabla ya saa 6 mchana, mlima Ontake nchini Japani ulilipuka ukiwa umejaa wapanda milima waliokwenda kutazama majani ya vuli. Watu 63 walikufa au hawakupatikana tena. Siku hiyo mlima ulikuwa katika kiwango cha 1, ambacho maelezo yake rasmi yalisema hali ni ya kawaida. Katika mwezi ule ule mitetemo midogo chini ya mlima ilikuwa imeongezeka na taarifa fupi zikatolewa, ila kiwango hakikupandishwa. Mwaka uliofuata mamlaka husika ilibadilisha maelezo ya kiwango hicho. Sasa yanamkumbusha msomaji kwamba huo ni mlima wa volkano iliyo hai. Nawapongeza kwa kubadilisha. Wengine msisubiri msiba wenu ndipo mkague maelezo yenu.

Na kiwango kikipanda, kipande na amri yake. Kisiwa cha Whakaari nchini New Zealand kilipandishwa hadi kiwango cha 2 Novemba 18, 2019, ngazi ya juu kabisa kabla ya mlipuko kuanza. Ziara za watalii hazikusimama. Desemba 9 kililipuka kikiwa na watu 47, na 22 kati yao walikufa. Namba ilikuwa sahihi. Lakini haikufunga mlango wowote, haikuzuia boti yoyote, haikumpa mtu yeyote wajibu wa kusema "leo hapana". Kiwango kisichobadilisha kinachoruhusiwa kufanyika ni taarifa ya wataalamu kwa wataalamu.

Kisiwa cha St Vincent, nacho cha Karibiani, kilionyesha njia tofauti. Volkano yake ilianza kutoa lava taratibu mwishoni mwa Desemba 2020. Kwa miezi zaidi ya mitatu wanasayansi wa Chuo Kikuu cha West Indies walikaa na serikali na kuongea na wananchi redioni karibu kila siku. Ramani ya maeneo kwa rangi ilijulikana hadi na watoto. Agizo la kuhama lilitoka Aprili 8, 2021. Asubuhi ya Aprili 9 mlima ulilipuka kwa nguvu. Maelfu walikuwa wameshaondoka, na hakuna aliyeuawa na mlipuko moja kwa moja. Muda kati ya kujua na kusema ulikuwa mfupi kwa sababu walikuwa wanasema tangu mwanzo.

Nikitaja St Vincent lazima nitaje na Montserrat, kisiwa kingine cha Karibiani chenye volkano. Juni 25, 1997 watu 19 waliuawa na mikondo ya gesi na majivu moto ndani ya eneo ambalo lilikuwa limefungwa. Baadhi walikuwa wamerudi kuhudumia mashamba. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Mimi siwaiti hivyo. Mtu akihamishwa bila mpango wa mazao yake na mifugo yake, mtamwona akirudi kwa njia za panya. Agizo la kuhama lieleze mifugo inakwenda wapi, nani analinda nyumba, na lini mtu ataruhusiwa kuingia kwa saa chache chini ya uangalizi.

Kuna jambo moja ambalo ofisi zenu, kwa jinsi zilivyogawanywa, zinaelekea kulikosa. Wenye mvua wanakaa jengo hili, wenye volkano jengo lile, na mawasiliano yao ni barua. Lakini angani na mlimani mambo hayo hukutana. Juni 15, 1991, siku ambayo mlima Pinatubo nchini Ufilipino ulilipuka kwa nguvu yake yote, kimbunga Yunya kilikuwa kinapita hapo hapo. Wataalamu walikuwa wametabiri mlipuko vizuri, eneo la kuhama lilikuwa limepanuliwa hatua kwa hatua hadi kilomita 40, na inakadiriwa angalau watu 5,000 waliokolewa. Wengi kati ya waliokufa siku ile hawakuuawa na moto. Mapaa yaliwaangukia. Majivu yaliyokuwa yakitua yalilowa mvua ya kimbunga, na majivu yakilowa huwa mazito mno: sentimita 10 tu zinaweza kuwa na uzito wa kilo 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Paa la mabati juu ya mbao nyembamba halibebi mzigo huo.

Hebu fikirieni ujumbe uliohitajika siku ile: "Majivu yanaanguka na mvua inakuja. Msijikinge chini ya paa pana lisilo na nguzo katikati. Majivu yakifika upana wa vidole vitatu, na mvua haijaanza, yafagieni kutoka juu, mkiwa mmefunga pua na mdomo kwa kitambaa." Nani angeuandika? Mtu wa mvua hajui uzito wa majivu, mtu wa majivu hajui mvua itafika saa ngapi. Ni lazima wawe meza moja. Tena mlipuko ukiisha, kazi yao ya pamoja ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kila mvua kubwa itaamsha tope kwenye miteremko iliyojaa majivu mapya. Pinatubo iliendelea kutuma tope mabondeni kila msimu wa mvua kwa miaka. Kwa wakazi wa mabonde yale, utabiri wa kawaida wa mvua ya jioni ni tahadhari ya volkano, na inafaa utolewe hivyo.

Hata mitambo inaweza kusaidiana. Wingu la majivu hutengeneza radi zake lenyewe. Volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, iliyoko baharini nchini Tonga, ilipolipuka Januari 15, 2022, mitandao ya kunasa radi ilihesabu zaidi ya miako 2,000 kwa dakika moja kilele kilipofika. Mtandao ule ule unaomtumikia mtabiri wa mvua unaweza kumwambia mtaalamu wa volkano kwamba mlima wa mbali, uliofunikwa na mawingu usiku, umelipuka. Rada ya mvua nayo huona wingu la majivu. Na upepo anaoukadiria mtabiri ndio unaoamua majivu yatatua kijiji gani na ndege zipite wapi. Gharama ya kuunganisha haya ni ndogo kuliko gharama ya rada moja. Kinachozuia mara nyingi ni nani atatajwa kwanza kwenye tangazo.

Tonga ilitufundisha na jingine: waya wa mawasiliano wa chini ya bahari ulikatika na nchi ikabaki karibu gizani kwa wiki kadhaa. Msiache redio ife. Muwe na king'ora, na mtu wa kila kijiji mwenye redio ya upepo na betri iliyojaa, hata kama simu zenu ni za kisasa namna gani.

Siwezi kufunga barua bila kutaja Nyiragongo, mlima unaosimama juu ya Goma, mji wa watu wanaosema lugha hii hii. Lava yake ni nyepesi na ya kasi kuliko za milima mingi. Januari 2002 iliingia hadi katikati ya mji. Mei 22, 2021 ilitoka tena jioni, safari hiyo ikiwa na dalili chache mno kabla yake, na watu walikimbia usiku bila kujua waelekee wapi. Amri ya kuhama sehemu ya mji ilitoka siku tano baadaye, kwa hofu ya mlipuko wa pili. Ukanda ule una pia mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayojikusanya mabondeni na kuua watu na wanyama waliolala. Katika miezi iliyotangulia mlipuko ule, ufadhili wa nje uliokuwa ukisaidia kituo cha uchunguzi ulikuwa umekwisha, na kwa muda wataalamu walikosa hata intaneti ya kupokea vipimo vya mitambo yao. Sidai kwamba intaneti ingeuzuia mlima, wala kwamba ingeutabiri. Nasema hivi: mtaalamu asiyeona hawezi kusema, na aliyemnyima macho ana sehemu yake katika ukimya huo. Nyinyi mnaopitisha bajeti, mpo kwenye barua hii.

Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza lengo la kila mtu duniani kufikiwa na mfumo wa tahadhari za mapema kabla ya mwisho wa 2027. Najua mtahesabu rada mlizonunua, vituo mlivyofungua, warsha mlizofanya. Mimi naomba kipimo kingine, kisichohitaji fedha. Kila tahadhari ya radi, mafuriko au volkano ikimalizika, chapisheni saa mbili: saa ambayo mtaalamu wenu wa kwanza aliiona hatari, na saa ambayo ujumbe ulifika kwenye simu au redio ya mwananchi wa kwanza. Ziwekwe wazi ndani ya wiki moja, pamoja na jina la ofisi ambayo karatasi ilikaa muda mrefu zaidi. Hatari isipotokea pia mchapishe, mkieleza mlichokiona. Tutawaelewa kuliko mnavyofikiri.

Anzeni na tahadhari yenu ya mwisho. Saa zote mbili zimo kwenye kumbukumbu za mitambo yenu.

Kwa heshima,
Mmoja wa wanaosambaza tahadhari zenu